Awadh wa Garsen na Sikio la Ng'ombe

Ndugu yangu Awadh alikuwa hawezi kumtazama mtu bila kumtafutia kasoro. Sisi wengine tukikutana na mtu tunaona uso. Yeye aliona sikio moja limezidi jingine, aliona magoti yanavyogongana, aliona mtu anatembea kama aliyebeba ndoo na kumbe mikono mitupu. Nilimlea mimi, maana mama yetu alifariki Awadh hajamaliza kuota meno, kwa hiyo asije mtu wa Hola wala wa Mombasa akanieleza habari za Awadh.

Kwetu ni Ozi. Sisi ni watu wa mpunga na samaki. Ng'ombe tulikuwa tukiwaona kwa mbali tu, wakija mtoni kunywa, na kwetu ng'ombe wote walikuwa ng'ombe. Hilo nalitanguliza kwa sababu balaa lote lilitokea hapo.

Alianza kwa mkaa, kwenye ukuta wa baba. Alimchora mjomba wetu amelala mdomo wazi na nzi wamejipanga foleni kuingia. Mjomba alimtandika mpaka akajikojolea. Kesho yake mtoto akamchora tena, safari hii mjomba kashika fimbo, na mdomo bado u wazi. Jirani walikuja kuangalia kutoka kila upande, na mjomba akawa hapiti tena ule upande wa kijiji bila kuziba mdomo kwa mkono. Awadh alikuwa hajaingia hata darasa la pili, na tayari alikuwa ameshajua kitu ambacho mtu mzima huchelewa kukijua, kwamba fimbo inauma siku moja lakini kicheko hakiishi.

Tulihamia Garsen nilipoolewa, naye akaja na mimi. Akapata kazi ya kuandika mabango: kinyozi, bucha, fundi wa baiskeli. Kwenye bango la bucha alimchora ng'ombe anatabasamu huku anaonyesha paja lake kwa kwato, na watu wakawa wanatoka Minjila kuja kununua nyama pale. Ndipo Sadik akamwita. Sadik alikuwa na duka la jumla, tena alikuwa na ng'ombe wengi waliochungwa na vijana wa kuajiriwa. Alimwambia, "Awadh, ukuta wangu wa nje ni mkubwa na hauna kazi. Kila Ijumaa nibandikie kichekesho. Watu wakija kucheka, watanunua sukari."

Ndivyo ilivyoanza Ya Wiki Hii. Karatasi kubwa ya manila, vyumba sita vya picha, na ndani yake mji mzima. Watu wakitoka msikitini walipitia pale kabla hata ya kwenda kula. Simu zilipoenea, ilikuwa haijakauka gundi tayari iko Kipini, iko Lamu, iko kwa watoto wetu walio Saudia. Nimesikia kwamba vijana wanaochora katuni Hola siku hizi wanachora magoti makubwa na macho madogo kama punje za mtama. Hiyo ni mikono ya Awadh, hata kama mwenye kuchora hajawahi kumwona.

Nami sitamsafisha kwa sababu ni ndugu yangu. Alikuwa mkatili. Alimchora bibi harusi aliyerudishwa kwao kabla hina haijafutika. Alimchora kama kifurushi cha posta, kimegongwa mihuri, kimeandikwa mwenyewe hajulikani. Msichana yule hakutoka nje ya ua mpaka mvua zikapita. Alimchora mwalimu mwenye kigugumizi, maneno yakimtoka mdomoni kama mbuzi waliokwama mlangoni. Mwalimu akaomba uhamisho. Nilimwambia, "Awadh, hawa ni watu, si bango la bucha." Akanijibu lile jibu lake ambalo mji mzima ulilijua: "Dada Fatma, mimi nachora nilichokiona. Nisichokiona sichori."

Na kweli alikuwa hasingizii. Ndiyo maana waliamini kila alichoweka pale ukutani.

Sasa kuhusu Guracha. Huyu alikuwa Muorma, mfugaji wa upande wa Minjila, mtu mrefu, mkimya, mwenye kundi zuri la ng'ombe na mke mmoja, Asli, aliyekuwa akituletea maziwa. Awadh alikuwa na desturi ya kwenda mnadani siku ya soko la mifugo na daftari lake, kuchora watu wanavyobishana. Siku hiyo akavutiwa na dume mmoja mweupe mwenye pembe zilizopinda kwa ndani. Alinihadithia mwenyewe jioni, anacheka.

Guracha alimkuta amechutama mbele ya dume.

"Unatazama nini ng'ombe yangu?"

"Namchora."

"Mtu ya Ozi anachora ng'ombe." Guracha akainama juu ya karatasi. "Hii mguu ya nyuma umeweka ya mbuzi."

"Basi mshike asimame, anatikisika."

Guracha akamshika dume pembe, akasimama naye juani mpaka Awadh akamaliza. Alifurahi, unajua, kama mtu anayepigiwa picha mwanawe. Kisha akasema, "Na sikio weka sawasawa. Ng'ombe bila sikio ni ng'ombe ya hewa."

Sikio la kushoto lilikuwa limechanwa katikati, na chini ya mchano limekatwa kona ndogo. Awadh akaliweka sawasawa. Alidhani Guracha anasifia uzuri. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba wafugaji wale wakimtazama ng'ombe husoma sikio kwanza, kama sisi tunavyosoma jina juu ya mlango wa duka. Ukoo una mkato wake, na nyumba huongeza wake. Sikio lile lilikuwa la Guracha na si la mtu mwingine chini ya jua.

Kikaja kile kiangazi kirefu, mvua zilipokatika kabisa. Malisho yakaisha, kila mfugaji akategemea malka, yaani ile njia inayopita katikati ya mashamba ambayo ng'ombe huitumia kushukia mtoni kunywa. Malka husimamiwa na kamati, wakulima na wafugaji pamoja. Ukifungiwa malka kiangazi, ndiyo umefungiwa uhai. Hakuna mjadala.

Asubuhi moja Dhadho, mkulima wa Minjila na mwenyekiti wa kamati ile, aliamka akakuta mahindi yake yameliwa yote. Yalibaki mabua, na nyayo za ng'ombe zimetapakaa. Ng'ombe wa nani, hakuna aliyeona. Dhadho alilia mbele ya watu, mwanamume mzima, akakaa chini kwenye udongo. Awadh alikuwepo. Kile kilio alikiona kwa macho yake, na kilio cha mtu mnene aliyekaa chini, kwa Awadh, kilikuwa karamu.

Ijumaa ikatoka Ya Wiki Hii. Dume amekaa mezani, kajifunga kitambaa shingoni, anakula mahindi. Dhadho amesimama pembeni kama mhudumu wa hoteli, machozi yanamtiririkia kwenye sahani. Dume anamwambia: chumvi imezidi. Lengo la Awadh lilikuwa kumcheka Dhadho. Dume alitoa tu kwenye daftari, yule wa mnadani, kwa kuwa ndiye ng'ombe pekee aliyekuwa amemchora vizuri. Sikio akaliweka kama lilivyokuwa.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Dhadho mwenyewe alikuja akasimama pale, uso umemwiva. Na Sadik akatoka dukani, akatazama karatasi, akakaza macho, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Lo. Hilo si sikio la Guracha?"

Wafugaji waliokuwepo wakasogea. Mmoja akasema ndilo. Mwingine akasema ndilo, wallahi. Kicheko kikakatika. Dhadho akageuka akamtazama Awadh.

"Wewe unachora umeona, si ndiyo?"

Awadh, naye alikuwa mtu wa kujisikia, mbele ya kadamnasi, akajibu kabla ya kufikiri: "Mimi nachora nilichokiona."

Alidhani anaulizwa habari ya kilio. Kabla hajaelewa, Dhadho alikuwa ameshaondoka, na kufika alasiri malka ilikuwa imefungwa kwa miiba, kwa ng'ombe wa Guracha peke yao. Wengine wote waliendelea kupita.

Guracha alikuja nyumbani kwetu kesho yake. Hakukaa. Alisema, "Awadh, wewe uliona ng'ombe yangu shambani?"

"Sikumwona. Nilimchora mnadani, wewe ulinishikia."

"Basi nenda sema hivyo. Ng'ombe wanakunywa leo au wanakufa. Hakuna kesho nyingi."

Hapo ndugu yangu aliingiwa na hofu, na nasema kwa haki, alikwenda mbio. Alimkuta Dhadho chini ya kibanda cha shamba lake. Dhadho alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Waorma wamekutisha?"

"Hakuna aliyenitisha. Nilikosea."

"Umechora mimi nalia mbele ya dunia, hapo hukukosea. Umechora mwizi wa mahindi yangu, hapo ndiyo umekosea?" Akacheka kidogo. "Wewe Awadh kila siku unasema unachora uliona. Leo nikuamini uongo wako ama ukweli wako?"

Alirudi akakaa uani kwangu. Nikamwambia, "Basi chora. Walisadiki ukutani, watasadiki ukutani." Akachora siku nzima hata chakula hakugusa. Alijichora mwenyewe ana mwili wa ng'ombe, masikio yake ndiyo yamekatwa, amempigia magoti Guracha, na chini akaandika kwa herufi kubwa: NG'OMBE WA GURACHA HAKUINGIA SHAMBANI. MIMI AWADH NILIKOSEA.

Sijawahi kusikia kicheko kama cha Ijumaa ile. Walisoma maneno yale wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu Awadh ana wazimu, sasa anamfanyia Guracha mzaha mpaka wa kumpigia magoti." Picha ikaenda kwenye simu kuliko zote alizopata kuchora, na ilipofika Lamu maneno ya chini yalikuwa yamekatwa, imebaki tu picha ya ng'ombe anampigia magoti Muorma. Watoto wakamfuata Asli sokoni wakimlilia kama ndama. Wanawake wakamwuliza maziwa yake ni ya mahindi ya nani. Asli aliweka vibuyu vyake chini mbele yangu, akasema, "Mama Fatma, ndugu yako amemaliza? Ama bado kuna nyingine?"

Kamati ikakutana kwenye ukumbi wa soko. Nilikwenda na Awadh, nikakaa nyuma na wanawake. Guracha alikuwa amesimama karibu na mlango, fimbo mabegani. Sadik alikuwa mbele, mjumbe wa kamati, amevaa kanzu safi. Awadh akainuka.

Nataka muelewe ilivyokuwa. Alikuwa na uso wa mtu wa vichekesho, nyusi zake hazikukaa sawa tangu utotoni. Aliposema tu "Ndugu zangu," watu wakaanza kutabasamu. Aliposema "naapa," wakacheka. Akapaza sauti, "Sichezi, jamani, ng'ombe za mtu zinakufa," na ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kilemba. Awadh akawa anatazama huku na huku kama mtu anayezama na watu wamesimama kando wanamsifu anavyoogelea.

"Mchoree, Awadh," Dhadho akasema. "Mchoree hiyo maji, ng'ombe yake wakunywe."

Waliocheka zaidi walikuwa wale wale aliokuwa amewachora. Nilimwona yule baba wa bibi harusi, amejishika mbavu. Nikajua kwamba siku ile hawakuja kwa habari za Guracha. Walikuja kumlipa Awadh, na Guracha ndiye aliyekuwa noti ya kulipia.

Malka haikufunguliwa. Guracha akawapeleka ng'ombe wake kuzunguka mbali, kutafuta mahali pengine pa kushukia mto, kwenye nchi isiyo na jani. Walianza kuanguka njiani. Ndama kwanza, kisha majike. Yule dume mweupe alirudi, maana alikuwa na nguvu, akafia nje ya ile miiba, maji anayasikia harufu.

Guracha akaja tena kwetu. Safari hii alibisha hodi kwa adabu.

"Awadh. Njoo mchore sasa. Sasa hatikisiki, hataki kushikwa."

Na Awadh akaenda. Nilimsihi asiende, akaenda na daftari na kalamu. Walikaa wote wawili juani kando ya mzoga, Guracha akimngoja amalize. Alirudi na karatasi tupu. Mkono ulikataa, ndivyo alivyosema. Tangu siku ile hakuchora tena, si ukutani, si daftarini, si hata kijiti kwenye mchanga.

Ya Wiki Hii haikusimama lakini. Sadik alitafuta vijana wawili waliokua wakimtazama Awadh, wakachora kama yeye, magoti yale yale, macho yale yale, hata mji haukutambua. Awadh alikuwa akipita pale na kukuta watu wanacheka kazi yake ambayo si yake. Guracha naye aliuza ngozi, akaomba kazi ya ulinzi, na aliyempa alikuwa Sadik. Akakaa mlangoni pa duka na rungu, chini ya ukuta ule. Vijana wakamchora anavyosinzia.

Halafu yakaja mafuriko. Mto ukavunja kingo, maji yakaingia mpaka mlangoni kwa watu, na miiba ya malka ikachukuliwa na maji bila kumwuliza mwenyekiti. Ng'ombe wa kila mtu walikunywa walipotaka. Guracha hakuwa na hata ndama.

Wakati wa maji ndipo kijana mmoja mchungaji wa Sadik alipoacha kazi kwa hasira, akasema sokoni kwamba waliokula mahindi ya Dhadho walikuwa ng'ombe wa Sadik; yeye alilala, wakaingia, na tajiri wake alijua asubuhi ile ile. Awadh akaniambia, "Dada, sasa watasikia." Akaenda kwenye kibanda cha chai walikokaa wanakamati, akawaeleza. Dhadho akamwuliza mbele ya wote:

"Uliona?"

"Sikuona. Kijana amesema."

"Basi usichore."

Wakarudi kwenye chai yao. Siwezi kusema Dhadho hakuamini. Mimi naona aliamini. Lakini alikuwa amekwisha kumfungia mtu maji kiangazi, mbele ya watu, na jambo kama hilo, mwenyekiti hawezi kulirudisha bila kurudi chini naye kukaa kwenye udongo. Alikuwa ameshakaa mara moja, na aliona kilichofuata.

Awadh aliugua tumbo mwaka uliofuata. Alikonda mpaka yeye mwenyewe akawa magoti matupu. Kila aliyekuja kumwona, Awadh alimwuliza kama Guracha yuko nje. Hakuwa nje. Nilimtuma mwanangu Waleed kwenda kumwita, akarudi peke yake. Guracha alimwambia, "Mimi niko kazini."

Alifariki siku ya Jumatano. Maiti ilitoka nyumbani kwangu, na watu walijaa mpaka barabarani, kutoka Kilelengwani, kutoka Ozi, kutoka Hola. Vijana wa katuni nao walikuja. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, lakini ua wangu ni mdogo na sauti zinafika. Kabla ya jeneza kuinuliwa, Waleed akasimama kama ilivyo desturi akasema, "Ndugu Waislamu, kama marehemu alimkosea mtu, tunaomba amsamehe, na kama kuna mwenye neno, aje kwetu tulio hai."

Watu wakasema kwa pamoja, "Tumemsamehe."

"Mimi nina neno," Guracha akasema.

Akaendelea taratibu, "Sitaki kitu kwa watu yake. Mtu mmoja tu wa kamati aseme hapa, mbele ya huyu maiti: ng'ombe ya Guracha haikuingia shambani. Basi. Nitasamehe, nitabeba jeneza mimi mwenyewe."

Dhadho alikuwepo, alikuja kwa ujirani. Sadik alikuwepo, mstari wa mbele. Nilisikia mtu akikohoa. Nilisikia kiatu kikisogezwa kwenye changarawe. Mwishoni, kule nyuma, kijana mmoja akaguna kicheko, si kwa ubaya labda, ni kwamba alikuwa amezoea jina la Guracha na jina la Awadh yakitajwa pamoja huwa ni kicheko. Mwingine akamfuata, akajiziba mdomo.

Nikafungua pazia. Nilisema kwa sauti niliyopewa na Mungu, "Hakuwa ng'ombe wake. Walikuwa ng'ombe wa Sadik, na Sadik anajua, na Dhadho anajua."

Mzee mmoja akasema wanawake wasipaze sauti mbele ya maiti. Sadik akatazama chini kama mtu anayeomba dua.

Guracha akageuka upande wangu. "Nimekusikia, mama," akasema. "Lakini wewe si kamati."

Akapisha njia. Wakainua jeneza, wakampita, na yeye akashika njia ya dukani, maana saa yake ya kazi ilikuwa imefika.